Tundu la Haraka la Mama Skola

Tangu mniage kwa keki na pea ya khanga, vijana wangu wa karakana, hamjaacha kuniandama: mama, andika, mama, andika. Haya, naandika. Msitegemee habari za vyeo, maana kwetu hakukuwa na vyeo. Kulikuwa na mwenye ufunguo wa mlango na asiye nao. Mshahara nao nauruka, kwa kuwa mara nyingi na wenyewe ulituruka. Nitawasimulia yaliyonikosesha raha, hasa siku niliyoshika sauti ya mtu mkononi nisijue pa kuichomeka. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Marehemu mama alikuwa akinitetea kwa wenzake kwamba wasiwasi ndiyo akili. Ingekuwa kweli, leo ningekuwa profesa.

Nilianza kazi nikiwa mchapaji katika shirika moja la umma hapa Sumbawanga. Soko huria lilipoingia, shirika likauzwa, nasi tukaitwa mmoja mmoja kuambiwa tumepunguzwa. Nilitoka pale na ujuzi wa aina mbili. Wa kwanza ni kuchapa bila kutazama vidole, ambao kila mchapaji aliyepunguzwa alikuwa nao, kwa hiyo haukunisaidia kitu. Wa pili nilijifundisha mwenyewe kwa hofu ya kukaripiwa: kuikwamua taipureta kwa pini ya nywele kabla bosi hajajua kwamba imekwama. Huo ndio ulionifikisha Majengo, kwa Mzee Ladislaus.

Mzee Ladislaus alijifunza ufundi kwa mapadre, na alitengeneza chochote chenye skrubu: cherehani, redio, mizani, taipureta. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akaitazama mikono yangu, kisha akanipa brashi ya kupakia rangi, kavu. Nilidhani ananidharau. Kumbe ile ndiyo ilikuwa zana kuu ya karakana, kwa sababu barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa vumbi tupu, na kila kilichoingia mjini kiliingia na sehemu yake ya barabara. Nilipiga brashi mpaka nywele zikawa nyekundu. Kutwa nzima niliogopa kupoteza springi za taipureta ya parokia, springi zenyewe ndogo kuliko punje ya ulezi. Jioni mzee akanifundisha jambo moja tu, kwamba mashine haifunguliwi kabla haijasikilizwa. Unakaa nayo, unaiwasha, unafumba macho. Mengi niliyoyajua baadaye yalianzia pale.

Kompyuta zilipoanza kuja, zilikuja kama mitumba. Zimetumika Ulaya, zimepita Dubai, zimeshushwa bandarini, halafu zimepanda lori kutikiswa njia nzima hadi kwetu. Ilipoletwa ya kwanza, mzee aliisikiliza feni yake kwa muda mrefu. Akasema hii ni ya kwangu, yeye amechelewa. Nililia kidogo nyuma ya karakana, si kwa furaha, kwa woga. Nani angenifundisha? Nilijifundisha kwa kufungua, kufunga na kusali. Umeme wetu wakati ule ulitoka Zambia, na ulikuwa na tabia za mgeni asiyeaga: ukija hujui unakaa mpaka lini, ukiondoka hujui umeudhiwa na nani.

Sasa nije kwenye matundu ya USB, maana najua ndiyo mnayoyadharau. Nyie mmekuta matundu ya bluu. Mnachungulia, mnaona ulimi wa bluu au herufi SS pembeni, mnachomeka, kazi imekwisha. Na hata hivyo nimewaona kwa macho yangu mkichomeka diski ya mteja kwenye tundu jeusi la mbele kwa uvivu wa kuinama, halafu mnamwambia mteja kompyuta yake ni nzito. Enzi zetu rangi haikukwambia kitu. Kulikuwa na matundu meupe, meusi, ya kijivu, kila kiwanda na mapenzi yake, na tundu la zamani na tundu jipya yalikuwa na umbo lile lile. Flashi iliingia kote. Tofauti uliiona baada ya kuingia: video ndefu kwenye tundu la zamani ilichukua muda wa kupika maharage, kwenye tundu jipya ilichukua muda wa kuchemsha chai.

Kulitambua la haraka ilikuwa kazi ya subira. Unafungua orodha ya vifaa ndani ya kompyuta, unatafuta neno “Enhanced” kwenye mistari ya USB. Lisipokuwepo, mashine nzima ni ya polepole, usijisumbue. Likiwepo, bado hujajua ni tundu lipi, kwa sababu mashine nyingi za kipindi kile zilichanganya. Hapo unachukua flashi mpya unayoiamini, unaichomeka tundu moja baada ya jingine. Kwenye tundu la polepole, kwenye kona ya chini ya kioo cha kompyuta hutokea kijisanduku cha maneno kusema kifaa hiki kingeweza kwenda kasi zaidi. Kwenye tundu la haraka hakitokei kitu, na ukimya huo ndiyo jibu. Tatizo ni kwamba watu wetu walikifunga kile kijisanduku hata hakijamaliza kutokea, kama mtu anayefukuza nzi.

Nilipochoka kupima kila siku, nikanunua rangi ya kucha nyekundu. Tundu la haraka nikishalipata kwenye mashine ya mteja, naweka nukta moja juu yake. Rangi ya kucha haitoki kwa vumbi wala kwa brashi. Mji ukazoea, watu wakawa wanauliza: ina nukta ya mama fundi? Nilijiona nimetatua jambo kubwa. Mama Skola, mwenye steshenari pale pale Majengo, alikuwa na kompyuta tatu zilizokuja kwa lori moja, zote za kijivu, zimefanana mpaka mikwaruzo. Moja tu ndiyo ilikuwa na matundu ya haraka, mawili, kule nyuma, jirani na waya wa mtandao. Nikaweka nukta kwenye moja la hayo, nikaenda zangu.

Asubuhi moja ya Juni, upepo ukikata masikio kama unavyojua kufanya huku Ufipa, alikuja karakana Mwalimu Oskar. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya upande wa Kaengesa. Aliongozana na mkewe, Leonsia, mtoto wao Tekla amelala mgongoni kwa mama. Leonsia nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Sikukuu za Pasaka watu walitoka hata mtaa wa Chanji huku mjini kwenda kumsikia akianzisha wimbo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimsalimia. Akatabasamu, midomo ikasogea, hapakutoka kitu.

Mwalimu akanieleza kwa sauti ya chini, kama yupo hospitali. Ulikuwa uvimbe kooni. Mbeya walimpasua, uhai wakauokoa, sauti hawakuweza. Wakati wa upasuaji Tekla alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea; sasa alishaanza kuongea. Kisha Mwalimu akatoa mfuko wa nailoni kwenye koti, na ndani yake diski ya nje iliyofungwa kwa kitambaa. Mdogo wake mwenye kamera ndiye aliyekuwa akimpiga Leonsia video kabla ya upasuaji. Kanda za kamera zilisharekodiwa harusi za watu juu yake, kompyuta yake ilikufa, ikabaki diski hii peke yake, nayo ilianguka kutoka kwenye pikipiki. “Yote yaliyobaki yamo humu, dada,” akasema. “Hakuna pengine.”

Niliisikiliza kwanza. Ilianza vizuri, ikaonyesha mafaili mawili makubwa ya video, kisha ikapata joto, ikaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi, ikanyamaza. Nikaiweka dirishani ipoe. Ikaamka tena, ikaishi muda mfupi zaidi, ikanyamaza. Nikaelewa. Diski ile ilikuwa na pumzi chache zilizobaki, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Faili likikatika katikati, halifunguki, ni sawa na kukosa lote. Kompyuta yangu ya karakana ilikuwa na matundu ya polepole tu. Kazi nzito nilikuwa nakwenda kuzifanyia kwenye kompyuta za wateja. Niliwaambia ukweli wote bila kuupaka asali: tukipata tundu la haraka huenda tukaokoa faili moja, pengine mawili, kwenye tundu la polepole hatuokoi kitu. Tukatoka mbio mbio kwenda kwa Mama Skola.

Kompyuta za Mama Skola zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma, migongo imegeukia ukuta. Alikuwa amehamisha meza tangu nilipofika mara ya mwisho. Nikavuta ile ya karibu na mlango, nikamulika nyuma kwa tochi, nikaiona nukta yangu nyekundu, moja, jirani na waya wa mtandao. Nikashukuru Mungu, nikachomeka. Diski ikaamka. Nikaanza kunakili, na kwenye kona ya kioo kikachomoza kijisanduku. Kabla sijakisoma, Mama Skola, aliyesimama nyuma yangu, akanyoosha mkono kwenye kipanya akakifunga. Akaniambia nisiwe na shaka, hayo maneno huja tu, ameyazoea.

Mstari wa kunakili ulikuwa haujasogea hata upana wa kucha. Kompyuta ikakadiria zaidi ya saa nzima. Nikasikia diski ikigonga, mara ya kwanza, ya pili, nikaichomoa kabla haijajiua. Pumzi moja ilikuwa imepotea bure. Nilifunua vitambaa vya kompyuta nyingine mbili, nikamulika. Zote zilikuwa na nukta nyekundu, mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule.

“Wateja walikuwa wanagombania yenye nukta, mama fundi,” Mama Skola akasema, hana hata habari. “Nikaona nizipake zote, amani irudi.”

Nilitamani nimpige kibao. Nikakumbuka kwamba yeye ndiye mwenye umeme na mimi ndiye mwenye shida, nikameza. Niliogopa, nawaambia, niliogopa mpaka nikasahau mwenyewe nilikuwa nimepanga nini. Mwalimu alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Leonsia ndiye aliyetulia. Aliichukua diski mikononi mwangu taratibu, akaifunga tena kwenye kitambaa kikavu na nailoni isipate umande, akaenda kusimama mlangoni kwenye upepo ipate kupoa, ameishika kwa mikono miwili, mtoto bado amelala mgongoni. Nikamwona vidole vinageuka rangi kwa baridi. Hakuviondoa.

Basi nikarudia kazi ya subira, siku ambayo subira sikuwa nayo. Kompyuta ya mlangoni: nikafungua orodha ya vifaa, neno lile halipo. Ya pili: halipo. Ya tatu ilikuwa imesukumwa pembeni, kibodi yake mbovu, Mama Skola ameigeuza meza ya gundi na bahasha. Tukaondoa gundi, nikaiwasha, ikachukua muda wake wote kuamka. Orodha ikafunguka. Neno lilikuwepo. Nikachukua flashi yangu, nikaichomeka kwenye tundu lenye nukta, nikakodoa macho kwenye kona ya kioo. Sijawahi kuuomba ukimya kiasi kile. Mama Skola alinyoosha mkono kwa mazoea, nikamshika kiganja. Tukangoja. Hakikutokea kitu.

Wakati huo huo umeme ukakatika. UPS ya Mama Skola, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika, ikaanza kulia, na ilikuwa kongwe, uhai wake mfupi kama wa diski. Nikamwita Leonsia. Nikawaambia wote wawili kwamba sasa lazima wachague faili la kutangulia, maana la pili sina uhakika nalo.

Mwalimu hakusita. Akataja la Misa ya Pasaka, kwaya nzima, Leonsia akianzisha nyimbo zote. Leonsia akatikisa kichwa. Akainua vidole viwili kutaka lile jingine.

“Hilo ni maneno ya jikoni tu, Mama Tekla,” Mwalimu akamwambia, na sauti yake ilikuwa inakatika. “Nyimbo ndizo watu watakazokukumbuka nazo.”

Leonsia akapiga makofi mara mbili, polepole, akaonyesha mgongoni kwake alipolala mtoto. Mwalimu akainamisha kichwa. Ilibidi nimuulize maana yake, huku UPS ikinilia masikioni. Akanijibu kwamba ndivyo mama anavyomwita mtoto siku hizi nyumbani, kwa kupiga makofi.

Nami nikabaki nimeshika kipanya. Mteja aliyeleta kazi alikuwa Mwalimu, yeye ndiye aliyeniongelesha tangu asubuhi, na kwa desturi zetu mume akishasema fundi hana la kuongeza. Lakini sauti haikuwa ya Mwalimu. Nikachomeka diski kwenye tundu la haraka, nikachagua faili la jikoni.

Mstari ulikwenda. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kitu kilikwenda. Niliuangalia bila kupepesa, robo, nusu, UPS inalia mfululizo sasa bila kupumzika, Mama Skola anasali Salamu Maria chini chini, na diski, niliyoiwekea kiganja juu, inaanza kupata joto. Ikagonga mara moja. Mstari ukasimama. Nilisema maneno ambayo mtu wa kanisani hasemi. Ukaendelea, ukafika mwisho. Nikaanza kunakili la Misa pale pale bila kuvuta pumzi, likaenda kidogo, halafu diski ikagonga, ikagonga, ikatoa sauti ya kukwaruza, ikanyamaza. Nikaizima kompyuta UPS isije ikatuzimia. Tuliipoza diski ile mlangoni, tukaipoza na siku za mbele pia, nikaipeleka hadi kwa fundi wa Mbeya. Haikuamka tena. Misa ya Pasaka ilikwenda nayo, na siwezi kuwaambia kwamba Mwalimu alilipokea jambo hilo kirahisi. Alikaa kwenye boksi la karatasi, uso ameufunika kwa viganja, na mkewe akamwekea mkono begani.

Hatukuondoka. Fundi hasemi mgonjwa amepona kabla hajamwona anatembea, na faili si faili mpaka lifunguke. Tulingoja umeme pale pale, tukanyweshwa chai na Mama Skola, ambaye sasa alikuwa akiniita mwanangu kwa majuto ingawa tunalingana umri. Umeme uliporudi niliwasha ile kompyuta, nikaunganisha spika, nikabonyeza. 

Ukatokea ua wa nyumba, moshi, Leonsia ameketi anapepeta ulezi. Akaanza kuongea. Alikuwa anamfukuza mbuzi. Akamwambia shemeji yake aache kumpiga picha na kitenge hiki cha jikoni, watu watasema nini. Akacheka. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mama yeyote wa Ufipa asubuhi, nzito kidogo kuliko ile ya kwenye nyimbo, nami sikuwa nimewahi kuisikia. Mwalimu aliinua uso. Leonsia mwenyewe alisimama wima katikati ya steshenari, mkono kooni.

Kwenye video akaweka ungo chini, akageukia nyumba, akaita. “Tekla! We Tekla, njoo ule.”

Mgongoni kwa mama yake Tekla akashtuka usingizini, na kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri akaitika kabla hajafumbua macho: “Abee, mama.”

Akafumbua macho, akatazama spika, akatazama kioo. Leonsia alifungua mbeleko haraka, akamzungusha mbele, wakawa uso kwa uso. Mdomo wa mama ulikuwa umefumba. Kwenye kompyuta sauti ikaita tena, na Tekla akaitika tena, safari hii akimtazama mama yake.